Maua ya Ndevu Kando ya Njia

Mama yangu alipoolewa Kathonzweni alikuja na kiondo kimoja cha nguo na kingine cha mizizi. Cha nguo hakuna aliyekiuliza. Cha mizizi kiliulizwa na kila mtu, na aliyeuliza kuliko wote alikuwa mama wa baba, ambaye sisi tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya.

Kabla ya ndoa mama alikuwa akimfulia nguo mke wa mmishonari mmoja upande wa Mwingi. Yule mama Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, miaka michache baada ya Uhuru, aliwaambia wafanyakazi wake kila mmoja achague kitu. Wengine walichagua sufuria, mapazia, viti. Mama aliomba jembe akachimbe kwenye bustani. Alitoka na mizizi minene yenye vifundo, mfano wa tangawizi, ya mmea wenye majani bapa yaliyosimama kama panga. Ua lake lilikuwa na petali tatu zilizosimama na tatu zilizoning'inia, na juu ya zile zilizoning'inia palikuwa na mstari wa nywele za manjano. Mzungu alikuwa na jina lake. Kwetu lilikuwa ua la ndevu.

"Linaliwa?" Susu aliuliza siku ile ya kwanza.

"Haliliwi, mwaitu." Mwaitu ni mama, na ndivyo mwanamke anavyomwita mwanamke mwenziwe kwa heshima.

"Mbuzi wanakula?"

"Hawali."

"Sasa linafanya nini?"

"Linatoa maua."

Susu alicheka mpaka akakaa chini. Akaenda kuwatangazia majirani kwamba mwanawe amemletea mke mkulima wa ndevu. Mama alikuwa akitusimulia hayo naye akicheka, enzi zile bado alikuwa mtu wa kucheka.

Maua hayakuja. Mama alikuwa amefanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya. Sisi tukipanda kitu tunakizika. Jua la Kathonzweni likikuta mbegu juu juu linaikaanga, kwa hiyo mihogo, viazi, hata mbaazi, tunavishindilia chini kwenye unyevu, tunaweka samadi, tunafunika. Mama aliizika mizizi yake kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaimwagia maji ya kuoshea vyombo mwaka baada ya mwaka. Ilitoa majani tu, na mengine yakaoza. Nilizaliwa, wakazaliwa wadogo zangu wawili, na ndevu zilikuwa bado hazijaota. Baba alikuwa na mzaha wake wa kila msimu, kwamba ua hilo ni la kike, ndiyo maana halioti ndevu. Alikuwa na mizaha mingi baba yangu, na alikuwa mzee wa kanisa mwenye sala ndefu kiasi cha kuunguza maharagwe jikoni. Mdomo haukuwahi kumpungukia, isipokuwa siku moja.

Kisha ukaja msimu wa mvua kubwa. Maji yalivunja matuta, yakapita uani, yakachukua udongo wote uliofunika ile mizizi. Tuliikuta asubuhi imelala juu ya changarawe kama mijusi, migongo nje. Mama alisikitika, akasema imekwisha. Hakuigusa kwa sababu kulikuwa na kazi ya kujenga matuta upya. Jua likaichoma mgongo majuma na majuma, na mvua iliyofuata ikaja na mashina marefu yenye vichwa vilivyofungwa.

Nakumbuka la kwanza kufunguka. Lilikuwa la zambarau iliyopauka, na harufu yake tamu kama peremende. Niliingiza pua mpaka ndani nikatoka na unga wa manjano usoni. Mama alisimama pale na debe la maji kichwani, akasahau kulitua. Tangu siku hiyo alijua siri ya mmea ule: mgongo juani, miguu mchangani, na usiuonee huruma ya maji. Aliigawa mizizi kwa kisu, akaipanda upya mstari mmoja kando ya njia inayotoka barabarani hadi mlangoni kwetu, na kila baada ya misimu kadhaa akaigawa tena. Majirani waliocheka walikuja kuomba, akawapa. Hata Susu, wageni wakija, alisema "maua yetu". Wageni wakiondoka aliendelea kumwambia mama kwamba mtu mwenye akili angepanda mbaazi pale.

Hivyo ndivyo walivyoishi wale wawili, kwa mzaha wenye mwiba ndani. Nalisema hili kwa sababu watu walikuja kusema walikuwa maadui. Hawakuwa maadui. Walikuwa wanawake wawili katika ua mmoja.

Mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada wa njaa, kila mtu wa umri wangu anaujua. Lakini kabla ya mahindi ya njano kuja kulikuwa na miezi ambayo hakukuja kitu. Ng'ombe wetu walikufa wamelala upande mmoja. Mbuzi tuliwachinja kabla hawajafa. Watu walianza kwenda msituni na majembe, wazee wakitangulia, kwa sababu wazee ndio waliojua mizizi ya porini kutoka njaa za zamani. Susu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alijua mizizi ambayo ukiila hivi hivi inakuua, lakini ukiikata nyembamba, ukaichemsha tangu asubuhi hadi jua linapofika kichwani, ukimwaga maji na kuweka mengine pamoja na majivu, inakuwa chakula. Na alishika mwiko wa wazee wake: kitu kisichojulikana kikipikwa, aliye mkubwa kuliko wote katika ua ndiye huonja, na wengine hungoja mpaka kuche. Akiamka mzima, watoto wanakula. Mara mbili mwaka ule nilimwona Susu akila peke yake, sisi tumekaa tunamtazama mdomo, na mara zote mbili aliamka akatucheka kwa vile tulivyomkodolea macho.

Mwishowe pori nalo lilikwisha. Kila mahali palichimbwa. Kitu pekee kilichobaki na rangi ya kijani ni ule mstari kando ya njia. Majani yalikuwa yamepauka na kujikunja ncha, lakini chini mizizi ilikuwa imenona kana kwamba haikusikia habari za njaa.

Jioni moja Susu alisimama pale akaibonyeza kwa kidole cha mguu. Mama alikuwa akijiandaa kwenda kulala foleni sokoni, maana habari zilikuwa zimefika kwamba kesho yake lori la serikali lingeleta mahindi. Baba alikuwa ameketi kwenye kigogo akichonga mpini wa jembe. Mimi nilikuwa nimemshika mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa ameacha kulia kwa kukosa nguvu.

"Hivi viazi vyako," Susu akasema, "kesho navichimba."

"Mwaitu, hiyo ni sumu. Yule mama Mzungu alinikataza hata mtoto kuweka mdomoni. Mbwa wake alitafuna akatapika damu, niliona na macho yangu."

"Hata ile ya msituni ni sumu. Sumu inatoka na maji."

"Hii haitoki. Nakuomba. Ngoja mahindi, kesho nitarudi nayo."

"Mahindi mmeambiwa tangu mwezi juzi. Hawa watoto watakula maneno?" Kisha akasema lile neno ambalo naamini alilijutia kabla halijatoka lote: "Unawanyima watoto kwa sababu ya maua."

Mama alimgeukia baba. "Mwambie mama yako."

Baba aliinua mpini, akauangalia kama umenyooka, akaendelea kuchonga.

Mama aliondoka. Asubuhi Susu alichimba. Alikata, akachemsha, akamwaga maji, akaweka majivu, kila kitu kwa utaratibu wake, na jua lilipokuwa kichwani akaonja, kisha akala. Alitufukuza tusikaribie chungu. Mdogo wangu mmoja alinyoosha mkono, akampiga kofi mkononi. Lile kofi ndilo lililotuokoa, na mpaka leo naliona.

Mama alifika jua likiinama, na gunia la mahindi ya njano begani. Alimkuta Susu ameinama nyuma ya nyumba akitapika maji ya kijani. Mahindi yalianguka pale pale yakamwagika. Tulimpa maji, yakarudi. Tulimpa uji, ukarudi. Hospitali ilikuwa mbali na hakukuwa na gari wala ng'ombe wa kuvuta mkokoteni. Alikufa baada ya siku mbili, akiwa na fahamu zake, na hakusema neno baya juu ya mtu yeyote. Hakusema pia neno zuri, hakuwa na pumzi ya kusema. Miaka mingi baadaye daktari mmoja aliniambia kwamba mtu aliyeshiba angetapika, akaumwa, akapona. Susu hakuwa ameshiba. Uji aliokuwa akipewa alikuwa akiwamiminia wadogo zangu kisirisiri.

Wazee wa ukoo walikuja kukaa. Walikaa uani kwetu kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, na wanawake wazima wakakaa chini upande wa pili. Hawakuja na ubaya. Swali lilikuwa moja tu: mwanamke huyu alipanda sumu mlangoni mwa mama mkwe wake, je, alimwambia ni sumu au hakumwambia? Mama akasema alimwambia. Wakamgeukia baba.

"Ulimsikia akimwambia?"

Baba alitazama mikono yake. "Mimi sikuwepo," akasema.

Nilisimama. Nilikuwa msichana wa darasa la saba na sikuwa na ruhusa ya kusema pale, lakini nilisema. "Ulikuwepo! Ulikuwa umekaa kwa kile kigogo na mpini!" Mzee mmoja akaniambia kwa upole niende nikateke maji. Sikwenda. Nilishikwa mkono nikapelekwa nyuma ya nyumba kama mbuzi aliyeingia kanisani.

Nimemfikiria sana baba katika miaka hii, na nimeelewa alichofanya, jambo ambalo si sawa na kumsamehe. Kama angesema alikuwepo, swali lililofuata lingekuwa lake. Ulisikia ni sumu, wewe mwanawe, mwanaume mzima mwenye mikono, ukamwachia jembe? Alipima swali lile na jina la mkewe, akaona jina la mkewe ni jepesi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakumjua baba yangu, yeye aliitembea njia hiyo zaidi ya miaka kumi bila kuchoka, na bado alikuwa akiombea chakula.

Wazee hawakutoa hukumu. Walisema Mungu anajua, wakarudisha mabenchi. Hukumu ilitolewa na wanawake, na ilitolewa bila kelele. Msiba uliofuata pale kijijini, mama alikwenda kama kawaida kusaidia kupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alipokuwa ananyoosha mkono kuchukua mwiko, mwanamke mmoja, mke wa ami ya baba, aliuchukua kwanza. Alitabasamu, akamwambia, "Mwaitu, leo tusaidie na sufuria." Mama akaosha sufuria. Msiba uliofuata, sufuria. Harusi, sufuria. Siku za chakula cha kanisa, kuni na sufuria. Hakuna aliyemtukana hata siku moja. Walimsalimia, walimpa mkono, waliombea watoto wake, lakini chakula kilichoguswa na mkono wake hakikuingia kinywani mwa mtu nje ya nyumba yetu. Akitembelewa na mgeni, mgeni alikuwa ameshiba tayari.

Majirani waling'oa ile mizizi aliyokuwa amewapa, wakaja kuimwaga penye lango letu. Lundo likakaa pale kiangazi kizima bila udongo wala tone la maji, na mvua iliponyesha likachipua. Nilipoona hivyo nilitamani kuuteketeza ule mmea kwa mafuta ya taa. Shuleni niliitwa mtoto wa ndevu, na wasichana hawakugusa chakula changu. Nikamwambia mama, tafadhali, yang'oe, watu wasahau.

"Nikiyang'oa," akaniambia, "nitakuwa nimekubali."

Akaichukua ile ya kwenye lundo akaipanda pia. Mstari ukawa mistari miwili, kila upande wa njia, mtu asiweze kuja kwetu bila kupita katikati. Aliipalilia, akaigawa kwa msimu wake, akakata majani makavu. Mtu asiyejua angefikiri anaipenda. Ilipotoa maua hakuinama kunusa. Mimi pia sikunusa tena.

Baba alivumilia, kisha akashindwa. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo cha ualimu Kitui nilipomsikia akimbembeleza, akisema kila akipita pale anamwona mama yake.

"Sema," mama akamjibu. "Waite uwaambie ulikuwepo. Siku ukisema, nitayang'oa."

"Mambo ya zamani hayo."

"Sufuria naosha leo."

Hakusema. Mimi niliolewa, na kwenye harusi yangu mwenyewe niligeuka kumtafuta mama ili apigwe picha nami, nikamkuta nyuma ya mahema amepandisha mikono ya gauni jipya, anasugua masizi kwa mchanga. Niliwaambia wale wanawake maneno ambayo bibi harusi hasemi. Waliangalia chini. Mama ndiye aliyenikemea, akisema nitaharibu siku yangu, na aliposhika mkono wangu kunirudisha kwa wageni aliacha alama nyeusi kwenye glavu.

Katikati ya miaka ya tisini baba aliugua tumbo, ugonjwa wa kumla polepole. Mama alimlisha uji kwa kijiko, na nilipokuwa nyumbani niliona jinsi alivyokuwa akifungua mdomo kama kifaranga, yeye ambaye, mbali na sisi wanawe, ndiye pekee aliyekula mkononi mwake. Siku moja baada ya kanisa aliomba waitwe wale waliokaa siku ile. Waliobaki hai walikuwa wachache: mzee mmoja aliyepofuka, na wanawake watatu waliokuwa sasa vikongwe, mmoja wao yule aliyechukua mwiko. Tulitoa godoro tukalilaza kivulini mwa nyumba. Mama alisimama mlangoni, hakukaa.

Baba hakuomba sala ndefu. Alisema, "Mke wangu alimwambia mama. Alimwambia mbele yangu, jioni, nikichonga mpini. Alinitaka nimkataze nami nikanyamaza. Nilisema sikuwepo. Nilikuwepo."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu utoto. Nilijua watakavyofanya: watashika vichwa, watalia, watamgeukia mama wapige magoti. Nilishapanga hata uso wangu utakavyokuwa.

Yule wa mwiko aliitikia kwa kichwa tu, polepole. "Tulijua, mwanetu," akasema. "Mama yako tulimjua sisi. Angeambiwa asichimbe na malaika, angechimba."

Mzee kipofu akacheka kidogo. "Angechimba," akasema.

Mama akauliza kutoka mlangoni, "Mlijua?"

"Tulijua, mwaitu. Lakini ungetaka nani aseme? Neno la mama wa mtu ni la mwanawe. Yeye alisema hakuwepo, sisi tuseme alikuwepo? Tulikuwa tunamngoja."

Aliongea bila aibu, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. Kwetu ndivyo ilivyo kweli: jambo la marehemu hufunguliwa na wa damu yake, na asipolifungua, halifunguliwi. Nilikua nikiijua desturi hiyo na sikuwahi kufikiri ina uzito gani mpaka nilipoiona imekaa pale juu ya kigoda, ikimtazama mama yangu kwa macho mema. Walijua. Kila sufuria walimpa wakijua.

Nilimtazama mama nikingoja alipuke. Hakulipuka. Alizunguka nyuma ya nyumba akarudi na jembe, akaanza kule barabarani. Nilimfuata nimsaidie, akaniambia niache. Aling'oa mstari wa kushoto, kisha wa kulia, akitikisa udongo na kurundika. Ilikuwa na vichwa vilivyokaribia kufunguka. Nilimwomba anipe michache nikapande kwangu Kitui.

"Unataka uyafanyie nini?" akaniuliza.

Akang'oa mzizi mwingine akautupa juu ya lundo.

Alipomaliza alinawa mikono, akawasha moto, akapika chai ya maziwa sufuria nzima. Aliwapelekea pale kivulini, kila mmoja na kikombe chake, na baba chake cha plastiki. Wakaipokea kwa mikono miwili na kunywa. Wakaongea habari za mvua na mbaazi, na jinsi bei ya sukari ilivyopanda. Mama alisimama na birika akiwatazama mmoja mmoja wakimeza.

Yule wa mwiko alimaliza kwanza, akapangusa midomo kwa kanga. "Mwaitu, wewe unajua chai," akasema. "Niongeze."

Mama akamwongezea.